Fahamu Misimu ya Vyakula Sokoni: Mwongozo kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu

Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Walio wengi kati yao hawalimi chakula wanachokula. Unga, mchele, ndizi, mboga na matunda yanayofika mezani Kinondoni, Ilala, Temeke, Ubungo na Kigamboni hutoka kwa mkulima ambaye mlaji hamfahamu kwa jina, na huingia mjini kwa lori, basi au bodaboda alfajiri, wakati wakazi wengi bado wamelala.

Umbali huo umewafanya baadhi ya watu waamini kuwa msimu ni jambo la shambani, halimhusu mkazi wa mjini. Ukweli ni kwamba msimu huingia mjini kila wiki. Hujionesha katika ukubwa wa fungu la nyanya, katika harufu ya maembe pembezoni mwa barabara na katika bei ya samaki pale upepo unapogeuka. Mwenye kuufahamu hula vizuri kwa gharama nafuu. Zaidi ya hayo, fedha yake humfikia mkulima katika kipindi ambacho mkulima anamhitaji mnunuzi kuliko kipindi kingine chochote, yaani pale mazao yanapokuwa mengi na bei inaposhuka.

Makala hii inaeleza misimu ya vyakula katika soko la Dar es Salaam, njia ambayo chakula hupita hadi kumfikia mlaji, haki ya mnunuzi na ya mkulima katika vipimo, na hatua ambazo kaya inaweza kuchukua ili kunufaika na mazao ya nchini.

Maana ya chakula cha msimu

Chakula cha msimu ni kile kinacholiwa katika kipindi ambacho huvunwa kwa wingi kwa asili ya mvua, joto na udongo wa mahali kinakozalishwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, chakula cha karibu hakimaanishi kilicholimwa ndani ya mkoa pekee. Mchicha waweza kutoka bonde lililo jirani, nanasi kutoka Kiwangwa wilayani Bagamoyo, chungwa kutoka Muheza mkoani Tanga, kabichi kutoka milima ya Usambara, nyanya kutoka Ilula mkoani Iringa, na mchele kutoka Kilombero, Mbarali au Kyela.

Nchi yetu ina bahati ya kuwa na mifumo miwili ya mvua. Ukanda wa pwani ya kaskazini, ikiwemo Dar es Salaam, pamoja na nyanda za juu kaskazini mashariki hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Nyanda za Juu Kusini, kanda ya kati na ukanda wa kusini hupata mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa sababu hiyo eneo moja linapopanda, jingine huwa linavuna, na soko la Dar es Salaam hupokea kutoka pande zote.

Kalenda ya mwaka mezani

Kalenda hii ni ya jumla. Mvua zikichelewa au zikizidi, mavuno nayo husogea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila msimu wa mvua, nao humfaa mnunuzi kama unavyomfaa mkulima.

Januari na Februari ni miezi ya joto na upepo wa kaskazi. Maembe yaliyoanza kuingia sokoni Novemba huendelea kupatikana, pamoja na mafenesi na mananasi. Bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, hivyo mashua na ngalawa huweza kwenda mbali zaidi. Zabibu za Dodoma, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, nazo huonekana kwa wauza matunda katika sehemu ya kipindi hiki.

Machi hadi Mei ni masika. Huu ni wakati wa mboga za majani: mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu na mlenda hustawi na mafungu yake huwa makubwa. Kwa upande mwingine, nyanya hushambuliwa na magonjwa ya ukungu kutokana na unyevu, na barabara za vijijini huharibika, hivyo bei ya nyanya hupanda mara kwa mara. Mpishi mwenye busara katika miezi hii hupunguza nyanya na kuunga mboga zake kwa tui la nazi, karanga au ukwaju. Masika yanapoelekea ukingoni, mahindi mabichi huanza kuonekana juu ya majiko ya mkaa mitaani.

Juni hadi Septemba ni kipindi cha baridi kiasi na ukavu, na ndiyo ghala la mwaka. Mpunga huwa umevunwa au unamalizia kuvunwa, na mchele mpya huingia sokoni. Mahindi makavu na maharage kutoka Nyanda za Juu Kusini hufika kwa wingi. Machungwa na machenza ya Muheza hujaza magenge. Nyanya za bustani za umwagiliaji hushuka bei. Vitunguu kutoka skimu za umwagiliaji kama za Ruaha Mbuyuni na Mang'ola huvunwa kwa wingi katika miezi ya ukavu. Upepo wa kusi huchafua bahari, na siku ambazo vyombo vidogo haviendi mbali, bei ya samaki wakubwa hupanda. Dagaa, kunde, choroko na maharage huziba pengo hilo bila kuathiri lishe ya familia.

Oktoba hadi Desemba ni vuli. Korosho mpya za Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani huvunwa katika kipindi hiki. Mananasi ya Kiwangwa huongezeka, na kuanzia Novemba maembe ya dodo, bolibo na sindano huanza kutawala barabara za kuingilia jijini.

Vipo vyakula ambavyo havitegemei sana kalenda. Mihogo, nazi, ndizi na kisamvu hupatikana karibu mwaka mzima, na kwa muda mrefu vimekuwa nguzo ya mapishi ya pwani pale vyakula vingine vinapopungua.

Njia ya chakula hadi gengeni

Kila soko la Dar es Salaam lina sifa yake. Tandale linajulikana kwa nafaka, Mabibo kwa ndizi, Kivukoni, maarufu kama Feri, kwa samaki. Masoko ya Ilala, Buguruni na Temeke Stereo hupokea mbogamboga na matunda kwa jumla. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, bado ni kitovu cha biashara ya nchi nzima, na moto uliounguza Soko Kuu Julai 10, 2021 ulidhihirisha jinsi wafanyabiashara wengi wanavyotegemea eneo moja.

Mkulima kwa kawaida huuza shambani au kijijini kwa mnunuzi anayekusanya mzigo. Mzigo husafirishwa hadi soko la jumla, ambako hupokelewa na dalali. Kutoka hapo mchuuzi hununua tenga, kreti au gunia, hulipeleka mtaani kwa kirikuu, guta au bodaboda, na mwenye genge hugawa mafungu. Kila hatua ina gharama yake halali: upakiaji, nauli, ushuru, kuoza kwa sehemu ya mzigo, na ujira wa mtu. Si sahihi kumwona kila aliye katikati kuwa mnyonyaji. Mwenye genge anayeamka saa tisa usiku kufuata mboga Ilala ni sehemu ya mfumo unaolisha jiji.

Hata hivyo, njia inapokuwa ndefu, sehemu ya bei inayorudi kwa mkulima hupungua. Kaya zinazoweza kununua katika soko la jumla, au moja kwa moja kwa mzalishaji, hupunguza hatua hizo. Majirani watatu au wanne wanaochangia gunia moja la mchele, au tenga moja la nyanya, hupata bei ya jumla bila kulazimika kuwa na mtaji mkubwa. Vikundi vingi vya akina mama vya kuweka na kukopa tayari hufanya hivyo, hasa mwezi wa Ramadhani unapokaribia na mwishoni mwa mwaka.

Neema inapogeuka hasara

Msimu wa mavuno ndio wakati wa furaha kwa mlaji, lakini kwa mkulima asiye na ghala wala mtaji waweza kuwa wakati wa machungu. Embe likiiva halisubiri. Nyanya iliyokosa mnunuzi kwa siku chache huwa haifai tena kusafirishwa. Wakulima wote wa eneo moja hufikisha mazao sokoni katika wiki zilezile, bei hushuka, na wapo wanaoacha matunda chini ya mti kwa sababu gharama ya kuyachuma na kuyasafirisha imezidi bei watakayolipwa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kuwa takribani asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Serikali kwa upande wake iliandaa Mkakati wa Taifa wa Usimamizi wa Mazao baada ya Kuvuna wa mwaka 2019 hadi 2029, unaolenga kupunguza upotevu huo.

Mkazi wa mjini ana nafasi yake katika jambo hili. Familia inayonunua maembe kilo tano badala ya moja Desemba, na kuyageuza kuwa juisi, achari au vipande vya kukausha, huwa imeondoa sokoni mzigo ambao ungeoza. Mama lishe anayebadili orodha ya vyakula vyake kufuata msimu hupika kwa gharama ndogo na huwapa wateja chakula kibichi. Shule inayotoa chakula cha mchana, ikipanga ununuzi wa mahindi na maharage kati ya Julai na Septemba badala ya kusubiri Februari, huokoa michango ya wazazi na humpa mkulima soko la uhakika.

Vipimo halali ni haki ya pande zote

Kumuunga mkono mkulima hakuwezi kutenganishwa na suala la vipimo. Ufungashaji wa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, umekatazwa. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake, mazao ya shambani hayapaswi kufungashwa kwa uzito unaozidi kilo 100. Anayeuza kwa lumbesa hulipwa bei ya gunia moja kwa mzigo uliozidi gunia moja, na kinachozidi ni jasho lake lililochukuliwa bure.

Mlaji naye huumia kwa namna yake. Sado iliyobonyezwa kitako na mizani isiyohakikiwa humpunguzia kile alicholipia. Wakala wa Vipimo ndiyo taasisi yenye dhamana ya kuhakiki mizani na vipimo vingine vinavyotumika katika biashara. Mnunuzi ana haki ya kuomba mzigo upimwe mbele yake kwa mizani yenye alama ya uhakiki, na ana haki ya kutoa taarifa pale anapoona udanganyifu. Wanaonunua kwa pamoja wanashauriwa kudai uzito kwa kilo badala ya kukubali hesabu ya gunia au tenga.

Usalama wa chakula

Chakula kilichotoka karibu si salama kwa sababu tu kimetoka karibu. Sehemu kubwa ya mchicha na matembele yanayouzwa Dar es Salaam hulimwa mabondeni ndani ya jiji, ambako baadhi ya mito, ikiwemo Msimbazi, hupokea majitaka. Mboga za majani zioshwe kwa maji safi yanayotiririka na zipikwe vizuri. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji mboga zake zinamwagiliwa maji ya wapi, na wauzaji wakizoea kuulizwa hivyo, watachagua mahali pa kununua.

Kwa nafaka na karanga, hatari kubwa ni sumukuvu. Sumu hii hutokana na aina za kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa penye unyevu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa kabla ya kusagwa. Mahindi ya akiba yakaushwe vizuri na yahifadhiwe katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa unga na vyakula vingine vilivyosindikwa na kufungashwa, mnunuzi aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa mazao ya bahari, mlaji asaidie kulinda yale yatakayovuliwa kesho. Uvuvi wa kutumia baruti ni kosa la jinai. Baadhi ya vijiji vya pwani na visiwani hufunga maeneo ya kuvulia pweza kwa miezi kadhaa ili wakue, kisha huyafungua kwa utaratibu wa pamoja. Mlaji anayekataa pweza na samaki wachanga anaunga mkono uamuzi wa wavuvi hao wanaojinyima leo.

Bustani ndogo nyumbani

Si kila mkazi wa mjini ana kiwanja, lakini wengi wana nafasi ya ndoo, gunia au beseni lililotoboka. Mchicha waweza kuvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Matembele huota kutokana na kipande cha shina na huchumwa mara nyingi bila kung'olewa. Pilipili, bamia na mnavu humudu joto la pwani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatosha kwa bustani ya aina hiyo katika siku nyingi.

Faida ya bustani hizi si kiasi cha mboga pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kaya yenye mboga hatua chache kutoka jikoni hufikia kiwango hicho kwa urahisi zaidi. Mtoto anayemwagilia mchicha pia hujua kwamba chakula huchukua muda na kazi, na huwa mwepesi kutambua thamani ya kilicho sahanini.

Hatua kwa mkazi wa jiji

Anayetaka kuanza hahitaji kubadili jiko lake kwa siku moja. Hatua zifuatazo zinatosha.

Kwanza, tambua dalili za msimu. Zao likionekana katika magenge mengi kwa wakati mmoja, fungu likiwa kubwa kwa bei ileile na tunda likiwa na harufu bila kuminywa, hicho ndicho kipindi chake.

Pili, panga mlo baada ya kuona soko badala ya kupanga mlo kwanza na kulilazimisha soko. Nyanya ikiwa ghali, ipo nazi. Samaki akiwa adimu, zipo kunde.

Tatu, muulize muuzaji mazao yametoka wapi. Mara nyingi atajibu kwa fahari, kwa kuwa jina la Kyela kwenye mchele au la Muheza kwenye chungwa humsaidia kuuza. Ukirudi kwa muuzaji yuleyule, naye hujifunza kukuwekea kilicho bora.

Nne, nunua nafaka za akiba wakati wa mavuno, kwa kadiri ya uwezo wa kaya, na uzihifadhi kwa njia salama.

Tano, tembelea wazalishaji. Kila mwaka, Agosti 8, taifa huadhimisha Sikukuu ya Wakulima, Nane Nane. Kwa Kanda ya Mashariki, yenye mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Morogoro na Tanga, maonesho hufanyika Morogoro katika Viwanja vya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, takribani kilomita 200 kutoka Dar es Salaam. Huko mkazi wa mjini hukutana na wakulima, vyama vya ushirika, watafiti na wasindikaji, na aghalabu huondoka na namba ya simu ya mtu atakayemuuzia mchele au asali kwa miaka mingi.

Ikumbukwe kwamba hakuna anayekatazwa kula tufaa lililosafirishwa kutoka nje ya nchi au kununua katika duka kubwa lenye viyoyozi. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: inapofika Desemba, nje ya duka hilo pana mtu mwenye toroli la maembe yaliyochumwa siku mbili zilizopita, na nyuma yake kuna familia ya Rufiji, Mkuranga au Muheza inayosubiri kujua kama ada ya shule ya Januari imepatikana. Jibu lake huanza kuandikwa pale mkazi wa jiji anaposimama, akachagua, akapimiwa kwa haki na akalipa.